Mgeni wa Sikio la Kushoto

Jumamosi saa nne asubuhi Machage alipaki pikipiki mbele ya kibanda cha Baltazar, pale Nyamisangura, Tarime, akavua kofia ngumu, akasema anataka iafoni zinazoingia ndani kuliko zote.

Baltazar alikuwa anabandika kioo cha simu ya mtu. Hakuinua macho.

"Zinazoingia ndani, au zenye besi?"

"Ndani. Besi baadaye."

"Havitengani hivyo, mura. Ikiingia vizuri, besi inakuja yenyewe. Ikiishia mlangoni, unasikia kama nzi kwenye kopo."

Akamaliza kioo cha mtu, akavuta trei. Zile za plastiki ngumu, za kuning'inia tu kwenye tundu la sikio, Machage alizisukuma pembeni hata kabla hajaelezwa. Zikaja zenye vimpira: vidogo, vya kati, vikubwa. Zikaja zenye kimpira cha ngazi tatu, kama sahani tatu zimepangwa moja juu ya nyingine, ndogo mbele. Mwisho Baltazar akatoa kipakti kidogo akakishika kwa heshima kidogo. Ndani mlikuwa na sponji mbili za kijivu.

"Hii ndiyo baba yao. Unaiminya hivi kwa vidole, inakuwa nyembamba. Unaiingiza. Ikifika kule inavimba yenyewe, inajaa tundu lote. Hakuna upenyo."

"Ikishavimba," Machage akauliza, "mtu akimwita aliyevaa, atasikia?"

"Muziki ukiwa unapiga? Hasikii."

"Hata akiitwa kwa jina?"

"Hata."

"Hata akiitwa na mwanaume?"

Hapo ndipo Baltazar alipoinua macho. "Machage, sikio haliulizi kitambulisho."

Machage akasema anachukua hizo za sponji. Baltazar akamfundisha namna ya kuvaa, maana alikuwa na tabia ya kutomwacha mteja aondoke bila kumfundisha. Mkono wa upande wa pili unapita nyuma ya kichwa, unashika sikio kwa juu, unalivuta juu na nyuma, hapo tundu linanyooka. Iafoni inaingizwa kwa kuzungusha, siyo kwa kusukuma kama unagongelea msumari. Unaishikilia pale mpaka sponji imalize kuvimba. Sauti ya simu iwe chini, kwa sababu sikio lililozibwa vizuri halihitaji makelele. Na siku ya kutoa, zungusha taratibu, using'oe, ngoma ya sikio siyo ngoma ya harusi.

"Na kila wiki uzisafishe. Muziki unaacha uchafu."

"Si zangu," Machage akasema. "Za mke wangu."

"Ooh. Zawadi."

"Eeh," Machage akasema, akavaa kofia yake.

Mke wa Machage aliitwa Eunice, na alikuwa na genge la ndizi na nyanya barabarani, upande wa pili wa kijiwe cha bodaboda ambacho mume wake alikuwa anapaki. Machage alikichagua kijiwe hicho kwa sababu ya genge hilo. Vijiwe vyenye abiria vipo vingine. Lakini ukikaa pale kwenye pikipiki, mguu mmoja chini, unaona kila mtu anayeinama kwenye ndizi za Eunice na unaona anainama kwa muda gani. Siku moja Machage alihesabu salamu kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Zilifika thelathini na moja za wanaume. Kumi na moja kati ya hizo zilikuwa na neno "mrembo" ndani yake. Alikosa abiria watano wakati anahesabu.

Mbaya kuliko wote alikuwa Mwalimu Daudi. Serikali ilimleta kutoka Songea kufundisha hesabu, na kanisa likampa kwaya. Eunice ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo kwenye hiyo kwaya. Alikuwa akifungua mdomo, watu wa nje wanaingia kanisani na waliomo wanaacha kukohoa. Machage mwenyewe alimpata kwa njia hiyo: alikuwa amepeleka abiria, akabaki mlangoni na kofia mkononi mpaka ibada ikaisha. Lakini walipooana aliona kwamba wengine nao wanabaki mlangoni. Akamwambia achague, kwaya au ndoa. Eunice alirudisha sare ya kwaya ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Huo ulikuwa mwaka wa pili sasa.

Mwalimu Daudi hakugombana na mtu. Alikuwa anakuja gengeni kila Jumatano, ananunua ndizi, anasema, "Bwana asifiwe, dada Eunice. Sauti ya kwanza bado ina pengo." Halafu anaondoka na ndizi zake. Ni hivyo tu. Machage kule ng'ambo anashika usukani mpaka vidole vinakuwa vyeupe.

Jioni ile ya Jumamosi Machage alimkalisha Eunice kwenye kigoda uani na kumvisha iafoni kwa mkono wake mwenyewe. Sikio la kulia lilikubali mara moja. La kushoto lilikuwa na tundu jembamba lenye kona. Akatoa, akaminya upya, akavuta sikio juu na nyuma, akazungusha.

"Unaniumiza, Baba Ghati."

"Tulia. Inavimba."

"Nikiongea najisikia kama niko ndani ya mtungi."

"Ndiyo vizuri. Maana yake hakuna upenyo."

Kuhusu nyimbo alikuwa ameshafikiri. Kwenye memori kadi alifuta nyimbo zote zilizoimbwa na wanaume walio hai, kwa sababu mwanaume aliye hai anaweza kupita Tarime siku yoyote. Zikabaki kwaya. Kwaya zina wanaume nyuma wanaoitikia, akafuta na hizo. Mwisho ikabaki rekodi moja ya Mzee Wangwe wa Kemambo, mpiga litungu la nyuzi nane, aliyekufa zamani Machage akiwa bado shule ya msingi. Rekodi ilitoka kwenye kaseti, mtu akaihamishia kwenye simu, na mwanzoni ilikuwa na mlio kama wa mvua. Machage alijiridhisha. Marehemu hana madhara.

Aliwasha. Akasimama nyuma ya kichwa cha mke wake, akapiga makofi mara mbili. Eunice hakugeuka. Akaita, "Eunice!" Hakugeuka. Akaita tena kwa sauti ya kiume zaidi, akiigiza kidogo lafudhi ya Songea: "Dada Eunice!" Hakugeuka.

"Zimekaa sawa," Machage akasema, na hakuna aliyemsikia.

Wiki tatu mambo yalienda kama alivyopanga. Wateja walizoea haraka. Anayetaka nyanya alinyoosha kidole kwenye fungu, Eunice anafunga kwenye gazeti, anapokea, anarudisha chenji. Wale wa "mrembo" walisema mara mbili, mara tatu, wakajisikia vibaya, wakahamia kwa muuza karanga. Jumatano Mwalimu Daudi alisimama na ndizi zake mkononi, akasema maneno yake yote kuhusu sauti ya kwanza, akaangalia zile nyaya mbili zinazoingia masikioni, akaangalia ng'ambo kwenye kijiwe, akaondoka. Siku hiyo Machage alibeba abiria kumi na nne na kuwapunguzia nauli wawili.

Wiki ya nne aliona kwamba Eunice anatabasamu.

Hakuwa anatabasamu kwa mteja. Alikuwa anaangalia chini kwenye nyanya na kutabasamu, kama mtu aliyeambiwa kitu. Mguu wa kushoto ulikuwa unagonga. Halafu akasema, "Eeh," akatikisa kichwa kukubali, kisha akasema, "Hapana, ile nyingine."

Machage alivuka barabara. Akachukua simu kwenye mfuko wa gauni lake, akaangalia. Simu ilikuwa imezimika chaji.

Jumapili mchana Eunice alikuwa anachambua maharage uani, iafoni ziko juu ya kabati, simu iko kwenye chaji. Machage alipita nyuma yake akasikia litungu. Akasimama. Litungu likaendelea. Lilikuwa linatoka sikio la kushoto, kwa mbali, kama vile harusi iko mtaa wa tatu. Akainama akaweka sikio lake kwenye sikio la mke wake. Akasikia nyuzi nane, akasikia kengele ya mguuni, halafu nyimbo ikaisha na mtu mzima akakohoa. Yule mtu akanusa kitu kwa nguvu, na Eunice akapiga chafya.

"Ni ugoro," Eunice akasema. "Nimemwambia apunguze."

"Nani?"

"Mzee Wangwe."

Machage alivuta kigoda akakaa. Jambo lenyewe aliliona ni rahisi kulielewa. Muziki ukiingia sikioni kwa kawaida unatoka, kidogo kidogo, mtu akiongea, akipiga miayo, akigeuza kichwa. Huyu ameingizwa mwezi mzima na hakuachiwa upenyo. Amechoka kusimama akaketi. Kilichomsumbua Machage hakikuwa namna alivyoingia. Kilichomsumbua ni kwamba kuna mwanaume ndani ya mke wake na yeye hawezi kuona anainama kwa muda gani.

"Anakwambia nini?"

"Ananiuliza."

"Anakuuliza nini?"

"Nyimbo ninayoitaka."

Machage alijaribu kukumbuka kama yeye aliwahi kumuuliza Eunice kitu chochote chenye majibu mawili, akakumbuka ile ya kwaya au ndoa.

Jumatatu akampakia kwenye pikipiki akampeleka zahanati. Muuguzi alikuwa Sista Christina, mtu wa Bukoba, mwenye mwaka wa sita Tarime. Alimkalisha Eunice upande wa dirisha, akavuta sikio juu na nyuma vilevile kama Baltazar alivyofundisha, akaingiza kile kitochi cha kuchungulia masikio. Alichungulia kwa muda. Akachungulia na la kulia. Kisha akakaa akaandika kwenye kadi, na Machage akasoma akiwa nyuma ya bega lake: Sikio la kulia safi. Sikio la kushoto, mzee mmoja, ameketi.

"Mtoe," Machage akasema.

"Nta ningeitoa. Mdudu ningemtoa. Punje ya mahindi nimeshatoa nyingi humu ndani, watoto wenu wanapenda sana kujiweka mahindi." Sista Christina akafuta kitochi kwa pamba. "Mzee siwezi. Nikipiga maji atalowa, na koti lake halina hata vifungo. Dada, unaumwa?"

"Hapana, sista," Eunice akasema.

"Unasikia kizunguzungu?"

"Hapana. Naimba tu."

"Unaimba wapi?" Machage akauliza haraka.

"Humu," Eunice akasema, akagusa sikio.

Sista Christina akawapa ushauri wa kusafisha zile sponji na kupumzisha masikio, akaita mgonjwa mwingine.

Sasa kama umekulia huku unajua kwamba jambo la mke na mwanaume mwingine halimalizwi na muuguzi. Linapelekwa kwa wazee wa ukoo, na likithibitika, mwanaume huyo anatoa ng'ombe wa faini. Machage akaenda kwa Mzee Mniko, aliyekuwa anasikiliza kesi za ukoo sebuleni kwake, kwenye viti vya plastiki, televisheni ikiwa imepunguzwa sauti. Mzee Mniko hakuona ugumu wowote. Akasema mshtakiwa ni marehemu, basi aitwe wa kumsimamia. Akaitwa Vincent, mtoto wa Mzee Wangwe, akaja kutoka Kemambo na gamboti zake zenye tope.

Eunice aliketishwa katikati. Hakuulizwa chochote. Aliambiwa ainamishe kichwa upande wa kulia ili sikio la kushoto liangalie juu, akainamisha.

Vincent alisogea akapiga goti. "Baba, shikamoo. Ni mimi Vincent."

Eunice akasikiliza. "Anasema marahaba. Anauliza kama litungu lake mliliuza."

Vincent aliangalia gamboti. "Mwambie lipo."

"Anakusikia mwenyewe. Anasema mliuza, maana hili analopigia humu ni la kuazima."

Vincent alimgeukia Mzee Mniko akasema baba yake akiwa hai hakuwahi kugusa mke wa mtu, na akiwa amekufa hana zizi. Machage akasimama. Alisema hilo ni jambo la wazi, mtu amekutwa ndani, amekaa, ananusa ugoro, anampigia mke wa mtu muziki usiku na mchana, na kama huo siyo wizi basi yeye hajui wizi ni nini.

"Aliingiaje?" Mzee Mniko akauliza.

"Kwa iafoni."

"Iafoni alivaa mwenyewe mwanamke?"

"Hapana. Nilimvisha mimi." Na kwa kuwa aliona wazee hawaelewi mambo ya iafoni, Machage akawaonyesha. Alichukua kichwa cha Eunice kilivyokuwa kimeinama, akapitisha mkono nyuma, akashika sikio, akavuta juu na nyuma. "Hapa tundu linanyooka. Unaminya sponji. Unaingiza kwa kuzungusha, siyo kusukuma. Unashikilia mpaka ivimbe. Watu wengi wanakosea hapa, wanaachia mapema. Mimi sikuachia."

"Na nyimbo? Nani alichagua?"

"Mimi. Nilifuta zote nikabakiza yake."

Wazee wakaangaliana. Mzee mmoja wa pembeni akacheka mpaka akashika ukuta. "Mura, umekwenda kumwita mtu mwenyewe, umemfungulia mlango mwenyewe, ukafunga kwa nyuma, sasa unamdai ng'ombe?"

Mzee Mniko hakucheka. Alisema mgeni aliyeletwa na mwenye nyumba hafukuzwi wala hatozwi. Anaondoka akitaka. Zaidi ya hapo, Wangwe alikuwa wa rika la juu kuliko kila mtu aliyekuwa pale sebuleni, na Mzee Mniko alikuwa amesikia kwamba hajasalimiwa na mwenye nyumba hata siku moja tangu afike. Huo ni utovu wa adabu na ukoo hautaki kusikia tena. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki, Machage amwamkie.

Kisha wakamwomba Eunice abaki ameinama kidogo, wakasogeza viti, wakasikiliza nyimbo mbili. Halafu wakamwambia sasa anaweza kunyoosha shingo.

Kwa hiyo ikawa hivyo. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Machage anamkuta mke wake anakoroga uji, anainama kwenye sikio la kushoto, anasema, "Shikamoo mzee." Eunice bila kuacha kukoroga anasema, "Anasema marahaba." Ghati, mtoto wao wa miaka mitatu, naye akajifunza kumvuta mama yake chini na kuamkia. Majirani wakisikia hawaulizi. Mmoja alikuwa na binamu ambaye goti lake lilikuwa linatabiri mvua kwa Kiingereza, na aliona la Eunice ni nafuu.

Lakini asubuhi moja Machage aliinama mapema kidogo, kabla mgeni hajamaliza nyimbo yake, akasikia sauti ya mwanamke.

Ilikuwa inaimba ndani kule pamoja na litungu. Ilianza chini, ikapanda, ikakaa juu bila kutetemeka. Machage aliijua. Alikuwa ameisikia mlangoni mwa kanisa akiwa na kofia mkononi. Akamwangalia Eunice usoni: mdomo umefungwa, mwiko unazunguka, koo halichezi.

Alipunguza kasi ya kupumua. Alisikiliza mpaka uji ukaanza kuungua.

"Mama Ghati, hiyo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unaimba na yeye."

"Uliponivisha zile sponji nilijisikia nikiongea, vizuri kuliko nilivyowahi kujisikia. Hata nikiguna kidogo tu naisikia sauti yangu yote. Nikaanza kuimba kimyakimya. Yeye akaifuata na nyuzi."

"Nilikwambia usiimbe."

"Ulisema nisiimbe kanisani. Siimbi kanisani."

Machage akakaa. Wivu aliokuwa nao zamani ulikuwa na miguu, ulikuwa unanunua ndizi Jumatano na kuondoka. Huu ulikuwa umehamia.

"Imba basi na mimi nisikie. Kwa mdomo."

Eunice aliepua uji. Alifikiri kidogo, akionekana kama anamsikiliza mtu mwingine kwanza. "Pasaka kwaya inaimba. Sauti ya kwanza bado hawajapata. Niruhusu Jumapili hiyo moja, Baba Ghati. Utakuwepo, utakaa mbele, utanisikia kwa mdomo wewe na kila mtu."

"Na Daudi atakuwepo."

"Ndiye mwalimu wa kwaya."

"Tutaona," Machage akasema.

Katika nyumba ile "tutaona" ilikuwa inajulikana maana yake. Eunice akamimina uji.

Machage akajaribu njia nyingine. Alikuwa anaamini kwamba kama mzee aliingia kwa Eunice kwa mwezi, kwake anaweza kuingia kwa wiki mbili akikaza. Akafikiri wakiwa wote na mgeni, ile sauti nayo itahamia, au angalau itakuja kutembea. Akanunua kwa Baltazar za kwake, sponji ileile. Akavuta sikio juu na nyuma, akazungusha, akashikilia. Akasikiliza ile rekodi kijiweni, kwenye mwendo, chooni. Abiria wanamwambia simama hapa, anawapeleka mpaka Rebu. Besi aliipata, nzuri sana, alikuwa anaisikia kwenye meno. Nyimbo ikiisha anasubiri. Inakuja ile mvua ya kaseti. Halafu hakuna.

Siku ya kumi na nne akaenda mwenyewe zahanati. Sista Christina akachungulia la kulia, akachungulia la kushoto.

"Yupo?" Machage akauliza.

"Kuna mtu."

"Mzee?"

"Kijana. Anafanana na wewe. Amekaa mlangoni na rungu."

"Anafanya nini?"

"Analinda," Sista Christina akasema, akaandika kwenye kadi.

Pasaka ilipita. Machage alimwambia Eunice Jumapili hiyo ndiyo siku nzuri ya kupiga lipu jiko, na akampigia lipu kweli, kazi safi. Kanisani walikosa wa kuanzisha, Mwalimu Daudi akaanzisha mwenyewe kwa sauti ya chini, watu wakakohoa.

Wiki iliyofuata sauti ilianza kuvuja. Mteja wa kwanza kuisikia alikuwa mama mmoja aliyeinama kuchagua nyanya. Akachagua ileile kwa nusu saa. Kesho yake walikuwa watano wameinama. Genge lilikuwa limejaa watu waliokaa kimya, na katikati yao Eunice mdomo umefungwa, anafunga nyanya kwenye gazeti. Iafoni alikuwa amevaa. Sauti ilikuwa inapita pembeni ya sponji ya kushoto, nyembamba, na ukisimama karibu unasikia maneno. Jumatano Mwalimu Daudi alikuja. Hakusema habari ya pengo. Alisimama na ndizi zake kifuani mpaka nyimbo ikaisha, akasema, "Bwana asifiwe," kwa watu wote, akaondoka taratibu.

Machage alivuka barabara, lakini hakuenda gengeni. Alikwenda kwa Baltazar.

"Zile sponji zimelegea. Zinavuja."

"Zinavuja kuingia au kutoka?"

"Kutoka."

Baltazar alivuta trei. Akafikiri, akavuta na droo ya chini ambayo ilikuwa inakwama. "Ipo hii. Kubwa kuliko zote, na ndefu. Sijawahi kuiuza, watu wanaiogopa. Mke wako ana sikio jembamba lile la kushoto, uliniambia. Utamuumiza."

"Itavimba?"

"Itavimba mpaka basi."

"Lete."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi Eunice alikuwa kwenye kigoda, uji umeshaepuliwa. Machage aliinama. "Shikamoo mzee." Eunice akasema, "Anasema marahaba. Anasema leo umeamka na haraka." Machage aliminya sponji mpya mpaka ikawa nyembamba kama njiti. Akapitisha mkono nyuma ya kichwa, akashika sikio, akavuta juu na nyuma. Eunice alifumba macho. Ndani kule walikuwa wameshaanza, litungu limetangulia, na ile sauti ilikuwa inapanda. Machage akaingiza kwa kuzungusha. Sauti ikawa nyembamba, ikawa uzi, ikakatika. Hakuachia. Alishikilia mpaka sponji ikamaliza kuvimba.

Akasimama nyuma yake akapiga makofi mara mbili. Hakugeuka. Akaita, "Eunice!" Hakugeuka. Akatafuta kitu cha tatu cha kujaribia. Mkono ukiwa bado hewani, akasema polepole jambo ambalo hakuwahi kumwambia, hata siku ile ya mlangoni kanisani, hata siku ya kuoana.

"Hakuna anayeimba kama wewe."

Eunice alikuwa anaangalia mbele, kwenye ukuta mpya wa jiko. Mguu wake wa kushoto ukaanza kugonga.

"Zimekaa sawa," Machage akasema, akaenda kuwasha pikipiki.